Uloto Hauhesabiwi Siku ya Kuruhusiwa

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza uloto mwishoni mwa mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), habari za huduma hii zimekuwa na sura moja. Mtoto anatoka wodini, mama anashukuru, madaktari wanapiga picha ya pamoja, kisha inatajwa idadi: wamefika wangapi, na ni fedha kiasi gani zimeokolewa ambazo zingekwenda India. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Kupandikiza uloto ni tiba ambayo jibu lake halijulikani siku mgonjwa anaporuhusiwa; linajulikana baada ya miaka miwili, mitano, pengine ishirini. Ndiyo maana nadhani bingwa wa fani hii apimwe kwa wagonjwa aliowafuatilia, waliokufa wakiwamo, na hospitali isiyompa nafasi ya kukaa na wagonjwa wake muda wote huo itakuwa imenunua mashine tu.

Uloto, au uboho kama wengine wanavyouita, kila aliyewahi kunywa supu ya mifupa anaujua: ule mlaini ambao mpaka uugonge mfupa ndipo utoke. Kwa mtu aliye hai, ndicho kiwanda cha damu. Humo zimo chembe shina, zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani za kugandisha damu. Saratani ya damu ikiingia, kiwanda hutoa chembe changa zisizo na kazi hadi zile nzuri zinakosa pa kukaa. Selimundu nayo ni kiwanda kilichozaliwa na kalibu iliyopinda. Kupandikiza maana yake ni kukiangamiza kiwanda cha zamani kwa dawa kali, mara nyingine na mionzi, kisha mgonjwa atundikiwe mfuko wa chembe shina kwenye mshipa kama anavyotundikiwa damu. Hakuna kisu. Chembe zenyewe husafiri na damu mpaka zinaingia mifupani na kuanza kuzaana. Siku yenyewe haina cha kuonyesha kwenye kamera.

Kazi huanza hapo. Kwa wiki mbili au tatu mgonjwa hana kinga yoyote, na ukungu wa ukutani ambao wewe na mimi tunauvuta kila siku unaweza kumuua. Chembe zikishika, inakuja hatari ya pili, hasa pale zilipotoka kwa mtu mwingine: kinga mpya inaamka, inajikuta katika mwili isioujua, inaanza kuushambulia. Ngozi inababuka, utumbo unaharisha damu, ini linapata manjano. Mwenye figo ya kupandikizwa huogopa mwili usije ukaikataa figo. Hapa kilichopandikizwa ndicho kinachoweza kuukataa mwili. Wagonjwa wa mailoma, saratani ambayo Muhimbili walianza nayo, hurudishiwa chembe zao wenyewe zilizovunwa mapema, kwa hiyo hatari hiyo ya pili inawaepuka. Watoto wa Dodoma wanaopokea chembe za ndugu zao haiwaepuki. Na wote, miaka ikisogea, wanabaki na maswali ya utasa, ya homoni, ya saratani nyingine inayoweza kuzaliwa na dawa zilezile zilizowaponya.

Ili kuona kwa nini nasisitiza miaka, itazame kazi ya mtu anayehesabiwa kuwa baba wa tiba hii. Edward Donnall Thomas alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Mart, Texas, mtoto wa daktari wa vijijini. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Texas, akamalizia udaktari Harvard mwaka 1946. Texas ndiko alikokutana na Dorothy Martin, aliyempiga donge la theluji siku moja ambayo theluji, jambo la nadra huko, ilianguka. Walioana mwaka 1942. Dorothy, Dottie kwa wenzake, alikuwa akisomea uandishi wa habari. Akaacha, akajifunza kazi ya maabara, na maandiko ya mumewe yakawa yanapita mikononi mwake kabla ya kwenda kwa wachapishaji. Ukiona maandiko hayo yalivyo makavu na yasivyojisifu, kumbuka kulikuwa na mhariri nyumbani.

Mwaka 1955 Thomas alihamia Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York, na mwaka 1957 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida la New England Journal of Medicine taarifa ya wagonjwa sita waliopewa uloto wa watu wengine baada ya mionzi au dawa za saratani. Wote sita walifariki. Leo makala hiyo inatajwa kama jiwe la msingi la fani nzima, na ni taarifa ya vifo sita, imeandikwa wazi, bila kupaka rangi. Miaka miwili baadaye walijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliokuwa na pacha wa kufanana kabisa, ambao kinga zao haziwezi kugombana. Uloto ulishika vizuri. Saratani ikarudi baada ya miezi michache.

Kilichofuata ndicho kipande cha kazi hii ambacho huwa kinarukwa. Miaka ya 1960 hospitali nyingi duniani zilijaribu, na hesabu iliyochapishwa mwaka 1970 ilikusanya wagonjwa zaidi ya 200 waliopandikizwa, karibu wote bila mafanikio ya kudumu. Wengi waliikimbia fani, na waliosema haitawezekana kamwe hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasoma ushahidi uliokuwepo. Thomas alifanya jambo lisilo na sifa yoyote: alirudi kwa mbwa. Kwa miaka mingi, kwanza Cooperstown na kuanzia mwaka 1963 Seattle, yeye na timu yake walipandikiza mbwa, wakajifunza kuwapima kinga ndugu wa uzao mmoja ili kujua nani anafanana na nani, wakajifunza kwamba dawa ya metotreksati ikitolewa baada ya kupandikiza hutuliza yale mashambulizi ya kinga mpya. Wakati huohuo watafiti wa Ulaya, Mfaransa Jean Dausset akiwa mmoja wao, walikuwa wakifumbua alama za kinga za binadamu, zile zinazofanya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wawe na nafasi moja kati ya nne ya kufanana. Mwaka 1969 ndipo Seattle walipoanza tena kwa binadamu, safari hii kwa ndugu waliopimwa.

Mwaka 1977 wakatoa taarifa ya wagonjwa 100 wa saratani kali ya damu, watu ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Kumi na watatu walikuwa hai bila saratani. Nambari hiyo ni mbaya mno. Ukiipeleka leo kwenye mkutano wa waandishi wa habari, huduma itafungwa kabla ya jioni. Lakini Thomas na wenzake walikuwa na kitu ambacho hakionekani siku ya kuruhusiwa: waliwafuata wale waliobaki mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, na wakagundua kwamba mstari wa vifo, baada ya kushuka vibaya, unafika mahali unanyooka. Aliyevuka hapo alikuwa anaendelea kuishi. Kutokana na mstari huo wakauliza swali lililogeuza fani: kama wachache hawa wanapona wakiwa taabani, je, tukiwapandikiza mapema, saratani ikiwa imetulizwa na mwili una nguvu? Taarifa ya mwaka 1979 ya waliopandikizwa mapema ilionyesha zaidi ya nusu wakiwa hai. Asingekuwapo mtu wa kuandika daftari la wale 13, swali lenyewe lisingezaliwa.

Mwaka huohuo wa 1979 kulikuwa na tukio ambalo lingeweza kutangazwa kwa tarumbeta. Msichana wa miaka 10 kutoka Colorado, asiye na ndugu anayefanana naye, alipewa uloto wa mtu asiye na udugu naye kabisa, mfanyakazi wa maabara palepale Seattle aliyetokea kufanana. Uloto ukashika. Kwa hesabu yetu ya kuruhusiwa wodini, huyo ni ushindi. Saratani ilirudi, na alifariki takriban miaka miwili baada ya kupandikizwa. Familia yake ilikuwa miongoni mwa waliopigania kuanzishwa kwa daftari la taifa la wachangiaji wa uloto la Marekani, lililoundwa mwaka 1986 na ambalo limewapatia uloto maelfu ya watu wasio na ndugu wa kufanana. Vyote viwili ni kweli, kufaulu kwa uloto na kifo cha mtoto, na ukikiondoa kimoja hujui tena kilichotokea.

Thomas alipata tuzo ya Nobel mwaka 1990, pamoja na Joseph Murray, daktari wa kupandikiza figo, miaka 33 baada ya taarifa ya wale sita. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 92, mwaka uleule dunia ilipotimiza upandikizaji wa milioni moja. Simulizi hii hupendwa kwa sababu inafanana na ngano: mtu mmoja, ukaidi, tuzo. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Rainer Storb, daktari kutoka Ujerumani, alijiunga na timu hiyo katika miaka ya 1960 na kufanya humo kazi ya maisha yake. Wengine kadhaa vilevile. Taasisi waliyohamia mwaka 1975, kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson hukohuko Seattle, ilijenga kitengo maalumu cha kuwafuatilia waliopona kwa miongo. Usihesabu ukaidi wa mtu mmoja pekee. Hesabu pia kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyewatawanya.

Wala sitaki tuifanye Seattle kuwa Makka ya uadilifu. Katika miaka ya 1980 timu hiyohiyo ilijaribu kuchuja uloto na kuondoa zile chembe nyeupe zinazoshambulia mwili. Mashambulizi yalipungua, lakini kwa wengi uloto ulikataa kushika au saratani ilirudi, kwani chembe hizohizo zilizoonekana ni maadui ndizo zilizokuwa zikiwinda mabaki ya saratani. Mwaka 2001 gazeti la Seattle Times lilichapisha mfululizo ulioituhumu taasisi kwamba wagonjwa hawakuelezwa vya kutosha, na kwamba baadhi ya watafiti walikuwa na maslahi ya kifedha katika jambo hilo. Familia zilikwenda mahakamani, na mwaka 2004 sehemu kubwa ya madai yao ikakataliwa. Mtu anaweza kubishana hadi kesho nani alikuwa sahihi. Kinachonihusu hapa ni kwamba ubishi wenyewe uliwezekana kwa sababu rekodi zilikuwepo, jina la jaribio, tarehe, nani aliishi na nani hakuishi. Hospitali isiyo na daftari haiwezi hata kushtakiwa vizuri.

Sasa turudi nyumbani. Uhusiano wa saratani ya damu na selimundu ulianza kwa bahati. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, waliripoti habari ya msichana wa miaka 8 mwenye selimundu aliyepata pia saratani ya damu. Wakampandikiza uloto kwa ajili ya saratani, na selimundu ikaondoka pamoja nayo. Kinachofanyika Dodoma ni mjukuu wa ajali hiyo njema. Na kuna hoja tatu kuhusu huduma hii ninazozisikia mara kwa mara.

Ya kwanza inatoka kwa wakosoaji, nayo ni nzito: nchi ambayo watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka haiwezi kuitibu kwa vyumba vichache vya hewa iliyochujwa. Kuna haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, na utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kinapunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo vya watoto. Kwa nini tusianze na hicho? Sina jibu la mkato, na simwamini aliye nalo. Ndugu anayefanana ni mmoja kati ya wanne, naye lazima awe hana ugonjwa wenyewe. Kupandikiza kutabaki kwa wachache hata tukijenga vituo vitano. Nakubali, basi, kwamba kidonge na kuwapima watoto wachanga vinatangulia. Ninachoongeza ni kwamba njia zote mbili zinakwama mahali pamoja. Kidonge cha kila siku kinahitaji mtoto ajulikane mapema, apimwe damu mara kwa mara, asipotee. Uloto nao unahitaji hayohayo.

Hoja ya pili ni ya fedha: tunaokoa za rufaa ya India. Ni kweli kwa kiasi chake, ila inauza huduma kwa sifa yake ndogo. Anayerudi kutoka India anarudi na bahasha ya karatasi na maagizo ya dawa za kutuliza kinga, ambazo kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe, na daktari anayemjua yuko ng'ambo ya bahari. Faida kubwa ya Dodoma ni ukaribu. Mtoto wa Singida akipata upele wa ajabu mwezi wa tano baada ya kupandikizwa, anaweza kuonwa kesho yake na mtu aliyemwona siku ya kwanza. Faida hiyo ipo tu kama mtu huyo bado yupo.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi maofisini. Inasema: njia imeshapasuliwa, akina Thomas wameshalipa ada, sisi tunahitaji mashine, mafunzo ya miezi kadhaa nje, kisha tuongeze idadi. Ni kama kusema kwa kuwa mapishi ya biriani yameandikwa, mtu yeyote mwenye sufuria ni mpishi. Kanuni za dawa zinasafiri. Vijidudu havisafiri nazo: wodi ya Seattle haikuwa na malaria inayoweza kuja na damu ya kuongezewa, wala kifua kikuu kinacholala kimya mwilini na kuamka kinga ikishuka. Benki ya damu inayoweza kutoa chembe sahani usiku wa Jumapili, chembe ambazo hudumu siku chache tu, haiji ndani ya kontena la mashine. Vivyo hivyo jicho la muuguzi anayetambua kwamba joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa huyu haliwezi kusubiri raundi ya asubuhi. Jicho hilo hujengwa kwa wagonjwa wengi waliopita, baadhi yao wakiwa wamekufa mbele yake. Ujuzi wa fani hii unakaa kwenye timu, na kila uhamisho unaondoka na kipande chake.

Asidhani mtu kwamba nadai kisichowezekana kwetu. Mwaka 2004 Muhimbili ilianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia kliniki hadi kliniki, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, bingwa wa magonjwa ya damu, na daftari lile likaja kuwa miongoni mwa makubwa ya aina yake duniani. Halikuanza na jengo la kung'aa. Lilianza na uamuzi kwamba mgonjwa akikosa siku yake ya kliniki, mtu aulize yuko wapi. Nayasema haya nikijua upande wa pili wake: niliwahi kumsindikiza mpwa wangu mwenye selimundu kwenye kliniki ya hospitali moja, faili lake la miaka sita halikuonekana, tukafunguliwa jipya lenye ukurasa mmoja. Muuguzi hakuwa na ubaya wowote. Alimuuliza mtoto, "Umeshawahi kulazwa?" na mtoto akaanza kuhesabu kwa vidole.

Haya yana tafsiri kwenye ajira. Daktari bingwa wetu akifanya vizuri, tunamzawadia kwa kumwondoa: anakuwa mkurugenzi, anaingia vikao, wagonjwa wake wanagawanywa. Muuguzi aliyesomeshwa kazi ya wodi ya uloto anapangiwa wodi nyingine kwa sababu orodha ya zamu inamwona kama muuguzi yeyote. Wa tatu anachukuliwa na hospitali ya Ghuba kwa mshahara ambao hatuwezi kushindana nao, naye simlaumu. Katika fani nyingi hasara hiyo huzibika. Hapa kila anayeondoka anaacha watu wenye kinga ya kuazima ambao historia yao ilikuwa kichwani mwake. Kama wizara inataka huduma hii, itengeneze ngazi ya vyeo ambayo mtu anapanda humohumo wodini, na ichapishe kila mwaka jedwali lisilozidi nusu ukurasa: waliopandikizwa mwaka ule, walio hai siku ya mia, walio hai mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, ambao uloto haukushika, na ambao hawajulikani walipo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ningeisoma kwanza. Sisi wa vyombo vya habari nasi tuache kuuliza wamefika wangapi. Tuulize wale wa kundi la kwanza wanaendeleaje.

Tuseme kuna mtoto aliyepandikizwa Dodoma mwaka 2023 akiwa na miaka minane. Karibu mwaka 2040 atakuwa na mchumba, na atataka kujua kama dawa zile zilimwachia uwezo wa kuzaa. Nani atakuwa bado anamjua kwa jina?